Jeep ya zamani ipi ununue: Cherokee XJ, Wrangler TJ au Grand Cherokee WJ?

Ukiwa unaishi Marekani, bajeti yako ni ndogo, na unataka gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne ambalo unaweza kulifungua na kulifunga mwenyewe nyuma ya nyumba, mara nyingi utajikuta umebaki na majina matatu mkononi. Ya kwanza ni Cherokee ya 1984 hadi 2001, ambayo wenyewe huiita XJ. Ya pili ni Wrangler ya 1997 hadi 2006, yaani TJ. Ya tatu ni Grand Cherokee ya 1999 hadi 2004, yaani WJ. Hapo ndipo watu hukwama, kwa sababu kila ukimuuliza mwenye moja kati ya hizo atakuapia kwamba yake ndiyo Jeep ya kweli.

Kabla ya kulinganisha, kuna jambo moja ambalo linapunguza ubishi mwingi. Zote tatu zilipatikana na injini ileile: silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, lita 4.0, yenye bloku ya chuma cha kuyeyushwa. Asili yake ni kampuni ya AMC, iliyoanza kutengeneza ukoo huo wa injini mwaka 1964, na ile ya lita 4.0 ilidumu kuanzia 1987 hadi TJ ya mwisho ilipotoka mwaka 2006. Kwa hiyo ukichagua kati ya Jeep hizi kwa kigezo cha injini peke yake, unachagua kati ya vitu vinavyofanana. Ninachokushauri ni kuanza na bodi: imejengwaje, na kutu imefika wapi. Injini hii hukarabatiwa kwa gharama ya kawaida. Bodi iliyooza haina dawa ya bei nafuu.

Zilikotoka, kwa ufupi

Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliziandikia kampuni 135 likitaka gari dogo la upelelezi, na mfano wa kwanza ulitakiwa ndani ya siku 49. Kampuni ndogo ya Bantam, ya mji wa Butler huko Pennsylvania, ilifikisha gari lake kambi ya jeshi ya Camp Holabird, Maryland, tarehe 23 Septemba 1940. Mchoro ulikuwa wa mhandisi Karl Probst. Lakini Bantam haikuwa na uwezo wa kutengeneza kwa wingi ambao jeshi lilihitaji, na zabuni kubwa ikaenda kwa Willys-Overland ya Toledo, Ohio, ambayo injini yake ya nguvu za farasi 60 iliwashinda wenzake. Ford nayo ikapewa kazi ya kutengeneza gari hilohilo. Vita vilipoisha yalikuwa yameshatoka zaidi ya magari 600,000. Mwaka 1945 Willys ikawaletea wakulima toleo la kiraia, CJ-2A.

Tangu hapo jina la Jeep limepita mikono mingi: Kaiser mwaka 1953, AMC 1970, Chrysler 1987, kisha muungano na Daimler, kisha Fiat, na tangu 2021 Stellantis. Naamini historia hii inaeleza kwa nini wenye Jeep za zamani hushikamana namna ile. Wenye kampuni walibadilika kila baada ya miaka, na walioyaweka magari haya barabarani ni wale wanaojua kuyatengeneza, wakafundishana.

Vigezo vya kutazama

Nimezipima zote kwa mambo yaleyale: bodi na kutu, injini, giaboksi na matengenezo, maisha ya kila siku, yaani abiria, mizigo, mafuta na theluji, na usalama. Mwisho wa kila moja nimesema inamfaa nani. Kuhusu mafuta niseme hapahapa, maana tofauti ni ndogo: zote ni walaji. Tegemea maili 15 hadi 20 kwa galoni, yaani kama kilomita 6 hadi 8 na nusu kwa lita, na zikiwa na matairi makubwa hushuka zaidi. Anayetafuta gari la kubana matumizi ya petroli atafute kwingine.

Cherokee XJ

Hii ndiyo iliyobadilisha soko. Dick Teague alichora umbo, Roy Lunn akasimamia uhandisi, na AMC, kampuni iliyokuwa inahangaika kifedha, ikatoa gari dogo, jepesi, lenye milango minne na ekseli nzima mbele na nyuma, yaani bomba moja linaunganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Chrysler ilipoleta Grand Cherokee, XJ ilitarajiwa kustaafu, lakini wanunuzi walikataa kuiacha. Ilipofungwa mwaka 2001 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 2.8.

*Bodi na kutu.* XJ haina chasisi ya kujitegemea. Reli za chini zimechomelewa pamoja na bodi, zikawa kitu kimoja. Ndiyo siri ya wepesi wake, na ndiyo hatari yake katika majimbo wanayomwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Sakafu huoza chini ya miguu ya dereva na abiria, kwa kuwa maji huingia na kukaa chini ya zulia. Inua zulia, usitosheke na kulitazama. Kisha lala chini uangalie pale springi za bapa za nyuma zinaposhikwa na bodi, na reli ya mbele pale boksi la usukani lilipofungwa, ambapo hupasuka hasa kwa gari lililowekewa matairi makubwa. Ukisukuma bisibisi kwenye reli ikazama, agana na mwenye gari kwa amani uondoke.

*Injini, giaboksi na matengenezo.* Lita 4.0 iliingia 1987 ikiwa na nguvu za farasi 173, na mwaka 1991 ikapandishwa hadi 190. Giaboksi yake ya otomatiki ya gia 4, AW4 kutoka Aisin-Warner ya Japani, inasifika kwa kudumu, na wenye XJ wengi huizungumzia kwa mapenzi kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari. Udhaifu ni joto. XJ huchemsha kirahisi wakati wa kiangazi kwenye foleni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na dawa yake ni rejeta nzima, pampu ya maji, themostati na kliachi ya feni. Za 1987 hadi 1990 zina mfumo tofauti wa kupoza, wenye chupa ya plastiki inayopasuka kwa uzee, na umeme wa injini wa aina yake. Ni magari mazuri, lakini yanataka mtu mwenye subira.

Utaambiwa pia kwamba sili ya nyuma ya krenki inavuja. Mara nyingi ni kweli, ila kabla ya kushusha kitu chochote angalia gasketi ya kifuniko cha valvu: oili hutoka juu, huteremka mgongoni mwa injini na kudondokea mahali palepale. Jambo zito zaidi ni silinda hedi zilizochapwa nambari 0331, zilizofungwa kwenye XJ za 2000 na 2001. Hupasuka kati ya silinda ya 3 na ya 4, maji yakaingia kwenye oili. Fungua kifuniko cha kujazia oili. Ukiona utelezi mweupe kama maziwa, usinunue kabla ya kujua chanzo chake.

*Maisha ya kila siku.* Watu watano wanaingia, ingawa wa nyuma watalalamikia kiti kilicho chini. Buti ni la mraba na linabeba kuliko unavyodhani kwa kulitazama. Ikiwa na 4.0, otomatiki na vifaa vyake vya kuvutia, iliruhusiwa kuvuta trela la ratili 5,000, kama kilo 2,270. Kwenye theluji uliza ina mfumo gani. Wenye Command-Trac hautakiwi kushika magurudumu manne kwenye lami kavu, wakati Selec-Trac una nafasi ya kuyashika muda wote, jambo ambalo ni faida kubwa barabara ikiwa nusu barafu, nusu kavu.

*Usalama.* Mfuko wa hewa wa dereva uliingia 1995, wa abiria 1997. Breki za ABS hazikuwa kwenye kila gari.

*Inamfaa nani.* Mtu anayetaka gari moja lifanye kila kitu, anayeishi kusini au magharibi pakavu, au aliye tayari kusafiri hadi huko kulifuata. Ningetafuta ya 1997 hadi 1999: dashibodi mpya, mifuko miwili ya hewa, na silinda hedi ya kabla ya 0331.

Wrangler TJ

*Bodi na kutu.* Hapa mambo ni kinyume. TJ ina chasisi ya kweli, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti, kama zile za vitani. Bodi ikioza unaweza kununua vipande vipya. Lakini chasisi yenyewe ni mabomba ya mraba yenye uwazi ndani, na matope yakiingia huziba matundu ya kutolea maji, kisha chuma huoza kuanzia ndani kwenda nje huku rangi ya nje ikipendeza. Mahali pabaya zaidi ni mbele ya magurudumu ya nyuma, pale mikono ya ekseli inaposhikwa. Gonga kwa nyundo ndogo urefu wote wa chasisi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Wako wanaopaka rangi nyeusi nzito chini ya gari wiki ya kuliuza, kwa hiyo rangi mpya chini ya TJ kuukuu ichukulie kama swali ambalo bado halijajibiwa.

*Injini, giaboksi na matengenezo.* Si kila TJ ina 4.0. Nyingi za bei nafuu zina silinda 4, lita 2.5 na baadaye 2.4, na kwenye barabara kuu utahisi upungufu huo kila unapopanda kilima. Otomatiki ilikuwa ya gia 3 tu hadi 2002, injini ikipiga kelele kwa mwendo wa kasi. Ya gia 4 iliingia 2003. Za 2005 na 2006 zina kasoro inayojulikana ya kifaa kinachozungusha pampu ya oili, ambacho huweza kuchakaa mapema na kuharibu kemshafti. Uliza kama kilibadilishwa.

Nje ya lami, TJ haina mpinzani kati ya hizi tatu. Ilikuja na springi za koili pembe zote nne, badala ya springi za bapa za mtangulizi wake. Toleo la Rubicon la 2003 lilileta ekseli za Dana 44 mbele na nyuma, difu zinazofungwa kwa kitufe, na giaboksi ndogo yenye uwiano wa 4 kwa 1 inayoliwezesha gari kutambaa juu ya mawe polepole kuliko mtu anavyotembea. Jina lake ni la njia ya mawe ya Rubicon, California, karibu na Ziwa Tahoe. Na Moab, Utah, ambako wenye Jeep wamekuwa wakikusanyika kila Pasaka tangu 1967, TJ zimejaa hadi leo.

*Maisha ya kila siku.* Kiti cha nyuma ni cha watu wawili, na mkikaa wanne hakuna pa kuweka mizigo. Turubai lina kelele, linapitisha baridi, na mwizi hahitaji zaidi ya kisu. Toleo refu la Unlimited, lililoanza 2004, liliongeza sentimita 25 hivi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na likaruhusiwa kuvuta ratili 3,500 badala ya 2,000. Kwa familia ndogo, tofauti hiyo ni kubwa sana. Mfumo wa magurudumu manne ni Command-Trac au ule wa Rubicon. Hakuna wa muda wote.

Upande wa pili kuna furaha ambayo haiandikwi kwenye orodha ya vifaa. Wenye Wrangler hupungiana mikono barabarani, hata wasiojuana kabisa, na kwa mgeni aliyehamia mji mpya jambo hilo lina uzito wake. Tangu 2020, desturi iliyoanzia Ontario, Canada, ya kumwachia mwenye Jeep bata mdogo wa mpira kwenye gari lake, imeenea kote. Watoto huipenda kuliko kitu kingine chochote.

*Usalama.* Mifuko miwili ya hewa tangu mwanzo, lakini gari ni fupi na refu kwenda juu. Kwenye barafu hugeuka ghafla, hasa likiwa limeinuliwa. Ni gari la kuendesha kwa adabu.

*Inamfaa nani.* Asiye na familia kubwa, anayependa milima, mchanga na mawe, au mwenye gari jingine la shughuli za kila siku. TJ hazishuki thamani upesi, kwa hiyo utalipa zaidi kununua na utapata zaidi kuuza. Ningetafuta ya 2003 au 2004 yenye 4.0.

Grand Cherokee WJ

Grand Cherokee ya kwanza ilizinduliwa Januari 1992, pale Bob Lutz wa Chrysler alipoipandisha ngazi za ukumbi wa Cobo Hall, Detroit, na kupenya nayo kwenye kioo cha jengo, meya Coleman Young akiwa kiti cha abiria. WJ ni kizazi cha pili, kikitoka kiwanda kilekile cha Jefferson North, Detroit.

*Bodi na kutu.* Bodi na reli ni kitu kimoja kama XJ. Angalia vizingiti vya chini ya milango na matao ya magurudumu ya nyuma.

*Injini, giaboksi na matengenezo.* Unaweza kupata 4.0 yenye nguvu za farasi 195 au V8 ya lita 4.7 yenye 235. V8 ni tamu barabarani na huvuta hadi ratili 6,500, lakini haivumilii kuchemsha hata mara moja: joto likizidi, vikalio vya valvu hulegea na injini ikaharibika. Kama huna historia ya matengenezo yake, chukua 4.0. Zote Marekani ni otomatiki.

Kinachowachosha wenye WJ ni vitu vidogovidogo. Vibao vya plastiki vinavyogawa hewa ya moto na ya baridi huvunjika, dereva akapata joto na abiria akatetemeka, na kuvifikia ni kazi ya kufungua dashibodi. Vioo vya milango huanguka ndani. Diski za breki za miaka ya mwanzo zilipinda upesi, na kalipa za miaka ya mwisho zilikuwa bora. Mifumo ya magurudumu manne ya Quadra-Trac II na Quadra-Drive inataka oili yake maalumu; ukiweka nyingine, gari litanguruma na kushikana kwenye kona.

*Maisha ya kila siku.* Hii ndiyo tulivu kuliko zote. Watu watano wanakaa vizuri, viti ni vinene, na kwenye theluji mifumo ya Quadra-Trac II na Quadra-Drive inafanya kazi yenyewe bila wewe kugusa kitu.

*Usalama.* Mifuko miwili ya hewa, na kuanzia 2002 mapazia ya hewa ya pembeni kwa waliolipia. Kuna suala la tangi la petroli lililo nyuma ya ekseli. Juni 2013 mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, iliitaka Chrysler iyaite kwa marekebisho magari kama milioni 2.7, WJ zikiwemo, kwa hofu ya moto yanapogongwa nyuma. Mwishowe walioitwa ni wenye Grand Cherokee za 1993 hadi 1998 na Jeep Liberty za 2002 hadi 2007, wakafungiwa kishikio cha trela kama kinga. Kwa WJ iliishia kwenye ukaguzi wa vishikio visivyo vya kiwandani. Lijue jambo hili kabla ya kuamua.

*Inamfaa nani.* Mwenye watoto, safari ndefu na theluji, na fundi anayemwamini. Kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini kati ya hizi tatu.

Mtikisiko wa usukani

Zote tatu zina ekseli nzima mbele, kwa hiyo zote zinaweza kupatwa na jambo linalowatisha sana wanunuzi wapya. Unakwenda kilomita 80 au 90 kwa saa, unapita juu ya kiungo cha daraja, na ghafla usukani unatetemeka kwa nguvu kiasi kwamba unadhani gurudumu linang'oka. Shika usukani imara, ondoa mguu kwenye mafuta, punguza mwendo taratibu, mtikisiko utakoma. Chanzo huwa ni fito linaloizuia ekseli isiende pembeni, bushi zake, tairodi zilizolegea au matairi yasiyosawazishwa. Ukiuziwa shokabu mpya ya usukani kama tiba, kataa. Inaficha ugonjwa kwa muda tu.

Kabla ya kulipa popote, ingiza nambari ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17 kwenye tovuti ya NHTSA uone kama kuna wito wa marekebisho ambao haujafanyiwa kazi. Halafu tafuta mahali pa changarawe ushike gia nzito ya magurudumu manne. Gari ambalo mwenyewe anakuzuia kulijaribu hivyo lina sababu.

Kulingana na hali yako

Una watoto wawili au watatu na baridi kali: WJ ya 2002 hadi 2004 yenye 4.0. Kama viti vya watoto ni vitatu, pima upana kwanza ukiwa na viti vyenyewe mkononi.

Una gari moja tu na unajifunza ufundi: XJ. Ndani ya boneti kuna nafasi ya kutosha, vipuri vipo kila mji, na karibu kila kazi imeshaelezwa na mtu aliyeifanya.

Una gari la kazini tayari na unataka la wikendi: TJ. Na ikiwa mnakuwa watatu au wanne mara kwa mara, subiri Unlimited hata kama itachukua muda kuipata.

Unaishi Ohio, Michigan au New York na huwezi kusafiri kufuata gari la kusini: chagua lenye chuma kizima kuliko yote uliyoyaona, liwe XJ, TJ au WJ, hata kama injini yake inavuja oili.

Unapeleka barua vijijini: zipo XJ na TJ zilizotengenezwa na usukani wa kulia kwa ajili ya kazi hiyo hapa Marekani. Nyingi zimesimama na kuondoka maelfu ya mara, kwa hiyo kagua breki, milango na giaboksi kwa makini.

Na kama unawaza kulisafirisha Mombasa siku moja, usukani wa kulia hautakuokoa. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopita miaka 8 tangu lilipotengenezwa, na hizi zote zimepita. Nunua utakayoitumia hukuhuku.